Mwili ni Mmoja (3): Homoni Zinazozaliwa Tumboni

Tangu mfululizo huu uanze, swali linalorudi kwa wasomaji, hasa kina mama, ni moja: homoni zangu zimevurugika, ninywe nini? Wengine wameshakunywa. Wameuziwa vichupa kupitia makundi ya WhatsApp, na maelezo yanasema dawa inasafisha utumbo, inarekebisha homoni, inakata kitambi na kuleta ujauzito, yote kwa kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Wiki iliyopita tuliishia kwenye insulini. Leo tuingie tumboni, maana wauza vichupa hao wamegusa jambo la kweli bila kulijua. Utumbo na homoni haviachani. Walichokosea ni tiba.

Habari yenyewe ya homoni ilianzia kwenye utumbo. Januari 1902, katika maabara ya University College, London, William Bayliss na shemeji yake Ernest Starling walitaka kufahamu kongosho linajuaje kwamba chakula kimetoka tumboni na kuingia kwenye utumbo mwembamba. Siku hizo Ivan Pavlov wa Urusi na wanafunzi wake waliamini hiyo ni kazi ya mishipa ya fahamu peke yake. Bayliss na Starling wakamlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, wakakata mishipa ya fahamu iliyokwenda kwenye kipande kimoja cha utumbo, kisha wakatia tindikali ndani ya kipande hicho. Kongosho likatoa maji yake kama kawaida. Starling akakwangua utando wa ndani wa utumbo, akausaga kwa mchanga na tindikali, akachuja, na kile alichochuja akakidunga kwenye mshipa wa damu. Haukupita muda, kongosho likaanza tena kutiririka. Ujumbe ulikuwa umesafiri ndani ya damu. Kemikali hiyo wakaiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akazipa kemikali zote za aina hiyo jina la homoni.

Leo zimeshatambuliwa homoni zaidi ya 20 zinazotoka kwenye utando wa tumbo na utumbo. Inayovuma zaidi kwa sasa ni GLP-1. Chakula kikifika sehemu ya chini ya utumbo mwembamba na kuingia utumbo mpana, chembe maalumu zilizojipanga ukutani huiachia homoni hii, nayo huliambia kongosho litoe insulini, huchelewesha tumbo kumwaga chakula kwa haraka, na huufahamisha ubongo kwamba shibe imefika. Ikishaingia kwenye damu, nusu yake huvunjwa ndani ya dakika 2 hivi. Ile sindano ya semaglutide inayouzwa kwa jina la Ozempic, ambayo wenye uwezo wanaichoma mara moja kwa wiki ili wapungue, ni kemikali iliyotengenezwa kuiga homoni hiyohiyo na kukaa mwilini siku nyingi zaidi. Ni dawa ya kweli na ina wagonjwa wake. Lakini msomaji anayeitamani ajue kwamba utumbo wake unatengeneza ya kwake kila anapokula, na kiasi kinachotoka hutegemea sana kilichomo kwenye sahani.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema mtu mzima wa kawaida amebeba bakteria wapatao trilioni 38, wengi wao wakiwa kwenye utumbo mpana. Mwili wetu hauna vimeng'enya vya kuvunja nyuzinyuzi za maharage, matembele au pumba za mahindi. Bakteria wanavyo. Nyuzinyuzi hupita kote huko juu zikiwa nzima, zikafika kwao, wakazichachusha, na katika kuzichachusha wakatoa asidi ndogondogo tatu: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizi pia huzigusa zile chembe za GLP-1 na kuziamsha zifanye kazi. Kwa panya wa maabara imeonekana kwamba nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi ya bakteria hugeukia ute unaolinda ukuta wa utumbo na kuula.

Hapa niweke sawa jambo moja linalosambazwa sana. Ni kweli kwamba takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa kwenye utumbo. Lakini serotonini hiyo haivuki kuingia kwenye ubongo. Kazi yake kubwa ni kusukuma chakula na mambo mengine ya hukohuko chini. Ubongo hujitengenezea ya kwake. Kwa hiyo anayekuuzia unga wa kuleta furaha kupitia utumbo amekimbilia mbali kuliko sayansi ilipofika.

Sasa twende Moshi. Aprili 2025, jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa na watafiti wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, wakiwemo Godfrey Temba na Quirijn de Mast. Walichukua wanaume 77 wenye afya njema kutoka mijini na vijijini mkoani Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha nyumbani, yaani ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwa wiki 2 kwenye chakula cha kisasa kilichosindikwa na chenye mafuta mengi. Waliozoea chakula cha kisasa wakarudishwa kwenye kile cha asili. Kundi la tatu likaendelea na mlo wake wa kisasa, ila likapewa mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, kila siku kwa wiki moja. Damu ikapimwa kabla na baada.

Wiki 2 zilitosha. Walioacha chakula cha nyumbani, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kuongezeka, ule usioonekana kwa macho ambao huambatana na kisukari na magonjwa ya moyo, na chembe zao za kinga zikawa vivu zaidi kupambana na vimelea. Waliorudi kwenye chakula cha asili, mambo yalielekea upande wa pili: viashiria vya uvimbe vilishuka. Kwa wanywaji wa mbege pia mabadiliko mengi yalikuwa ya kushusha uvimbe. Baadhi ya mabadiliko yaliendelea kuonekana hata wiki 4 baada ya jaribio kwisha. Nawajua ndugu zangu Wachaga watakavyoipokea habari hii, kwa hiyo niseme mapema: mbege ina kilevi, jaribio lilikuwa la wiki moja, na hakuna mtafiti aliyeandika kwamba ndoo ni dozi. Waliopimwa walikuwa wanaume tu. Kwa wanawake, ambao ndio wanaoniuliza zaidi habari za homoni, majibu kamili yanangoja utafiti mwingine.

Kwamba chakula cha asili huulinda mwili si jambo geni kabisa katika ukanda wetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi miaka mingi katika hospitali ya Mulago, aliona kwamba maradhi ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa adimu kwa wagonjwa wake wa vijijini, waliokula nyuzinyuzi nyingi. Alipima hata uzito wa choo cha watu na muda ambao chakula hutumia kupita mwilini, kazi iliyowachekesha wenzake. Waliocheka wamesahaulika.

Tuje jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakaribia nusu ya kiasi hicho. Ugali wa dona unazidi wa sembe kwa mbali, ila mahindi yawe yamekauka vizuri na kuhifadhiwa pakavu, kwa sababu kukoboa huondoa pia sehemu ya sumukuvu, na dona ya mahindi yaliyovunda ni hatari kuliko sembe. Ndizi mbichi za kupika zina wanga ambao utumbo mwembamba unashindwa kuuyeyusha wote, ukaishia kwa bakteria. Hata ugali, wali na viazi vikipoa, sehemu ya wanga wake hugeuka kuwa ya namna hiyo. Kiporo kina heshima yake, basi. Lakini wali usilale mezani usiku kucha: kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na sumu anayoiacha haiondoki kwa kupasha moto.

Na togwa. Sijui kwa nini watu wanaagiza vidonge vya bakteria kutoka ng'ambo ilhali togwa ipo. Pika uji wa mahindi au mtama, uwe mzito, kisha uuache upoe mpaka uwe vuguvugu. Ukitia kimea cha ulezi uji ungali wa moto sana, vimeng'enya vyake vinakufa na kazi imeharibika. Uji ukishafikia joto linalofaa, koroga kimea ndani, na ndani ya dakika chache utauona ulegee na kuwa mwepesi mbele ya macho yako, huku utamu ukiongezeka, kwa sababu wanga unavunjwa kuwa sukari. Funika. Kufikia kesho yake bakteria wa asidi ya maziwa wameshaichachua. Utafiti uliofanywa nchini katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa uji uliochachushwa kwa njia hii walikutwa na vimelea vya kuhara vichache kwenye choo kuliko waliopewa uji wa kawaida. Watu wa Iringa na Ruvuma hawakungoja utafiti.

Usingizi nao haujitengi na tumbo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 wa kiume saa 4 tu kwa usiku, kwa usiku 2. Leptini, homoni ya shibe, ilishuka kwa asilimia 18. Ghrelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, ikapanda kwa asilimia 28. Na tamaa iliyowashika zaidi ilikuwa ya vitu vitamu na vya chumvi. Mama anayelala saa sita usiku na kuamka saa kumi kuandaa watoto ashughulikie kwanza saa zake za kulala kabla hajaanza kulaumu homoni.

Nirudi kwenye vichupa. Chai nyingi za kusafisha utumbo zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unaporudi kwenye mizani na kukuta umepungua, umepungua maji. Ukizitumia kwa muda mrefu unapoteza potasiamu, na moyo unaitegemea potasiamu. Na neno kuvurugika kwa homoni si ugonjwa mpaka litajwe ni homoni ipi. Hedhi inayokosa mpangilio inaweza kutokana na tezi ya shingoni, prolaktini, au ovari zenye vifuko vingi, ambapo insulini iliyozidi mara nyingi ina mkono wake. Kila moja ina kipimo chake cha damu na tiba yake.

Ukiamua kuongeza maharage na mboga, anza kidogokidogo na unywe maji, la sivyo gesi itakufukuza kwenye mpango huo ndani ya siku tatu. Na ukiona damu kwenye choo, ukipungua uzito bila sababu, ukiishiwa damu, au mwenendo wa choo chako ukibadilika kwa wiki kadhaa, usitafute togwa wala kichupa. Nenda hospitali ukapimwe.

Wiki ijayo: vidonda vya tumbo, na bakteria aliyewapatia Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel ya mwaka 2005.