Je, Wajua? Mjini Unguja Watu Hustarehe Hivi

Mgeni akishuka bandarini Malindi hupelekwa kutazama milango ya nakshi na kununua viungo. Mwenyeji je, akishamaliza kazi zake huelekea wapi? Haya machache yanahusu Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Starehe za hapa nyingi hazina kiingilio; kinachotafutwa ni watu wa kukaa nao.

Je, wajua kuwa sebule kubwa kuliko zote mjini haina paa? Ni baraza: kikalio cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, kikielekea njiani. Mwenye nyumba huwapokea wanaume wenzake hapo bila kuwasumbua walio ndani, na mvua kubwa ikigeuza kichochoro kuwa mto, wapita njia hukwea juu yake wakavuka salama. Baada ya Alasiri hutapata nafasi ya kukaa. Ukipita bila kutoa salamu, utajadiliwa kabla hujafika pembeni.

Je, wajua kuwa muuza kahawa hana haja ya kupiga kelele? Hushika vikombe viwili vitatu vya kaure kwa mkono mmoja na kuvigonganisha, na mtaa mzima ukajua amefika. Mkono wa pili umebeba dele la shaba lenye makaa chini yake. Kahawa ni chungu, haitiwi sukari. Utamu utautafuta kwenye kashata au kipande cha halua.

Je, wajua kuwa Zanzibar ilitangulia kuwa na televisheni, tena ya rangi? Kituo cha serikali kilianza kurusha matangazo mapema miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikasubiri hadi mwaka 1994. Hata leo kutazama pamoja kuna ladha yake. Pale Jaws Corner, penye kahawa na siasa kutwa nzima, mechi kubwa hutazamwa nje, hadharani, na refa husahihishwa na kila mtu.

Je, wajua kilichomo ndani ya bakuli la urojo? Mchuzi wake ni unga wa ngano uliokorogwa na kuchemshwa kwa manjano, ukatiwa embe mbichi au ndimu mpaka ukawa mzito na mkali kidogo. Muuzaji hutanguliza viazi vya kuchemsha, akakatia kachori, akatupia bajia na nyama ya mshikaki, ndipo akamwagia mchuzi. Juu huja chatne ya nazi, pilipili, na chipsi nyembamba za muhogo zinazotakiwa kuliwa kabla hazijalowa. Kila mtaa una muuzaji wake, na kila mtaa unaapa kuwa wa kwao hana mpinzani.

Je, wajua kuwa bustani ya Forodhani ilifunguliwa mwaka 1936? Ilikuwa kumbukumbu ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Ilipochakaa ilikarabatiwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Mwenyeji huenda na watoto jioni, akanunua maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, na akitaka pweza huuliza bei kwanza. Tamasha lenyewe halilipiwi: maji yakijaa, vijana huja mbio na kuchupa baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijaribu kumpita mwenzake kwa madaha.

Je, wajua kuwa vijana wanaocheza mpira katika uwanja wa Mnazi Mmoja wanakimbia mahali palipokuwa maji? Mkono wa bahari uliingia hapo na kuutenga Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo. Sehemu ya uwanja ilijazwa kifusi mwanzoni mwa karne ya 20 ili watu wapate pa kuchezea.

Je, wajua kuwa sikukuu ya Idd hapa huenda hadi siku ya nne? Watoto huvaa nguo mpya, hupita kwa jamaa kupewa mkono wa Idd, kisha fedha zote huishia viwanjani, kwenye pembea, aiskrimu na vinyago. Ifikapo sikukuu nne, mifuko mitupu na viatu vipya vishawaumiza.

Je, wajua kuwa kwa wanaume wengi wa mjini kwenda sokoni ni starehe pia? Jengo la soko la Darajani lilifunguliwa mwaka 1904. Ukifika asubuhi kwenye mnada wa samaki utaona watu wanaokuja kusikiliza bei kuliko kununua. Msimu wa doriani, harufu hukufikia kabla hujaliona tunda, na wapenzi wake hubishana juu ya tunda moja kwa muda mrefu kuliko watakaoutumia kulila.

Je, wajua kuwa mandari bila sufuria la pilau haijatimia? Familia hukodi gari, hupakia majamvi, birika na watoto wa jirani, na kuelekea fukwe za kaskazini ya mji. Wengine huvuka kwa boti hadi kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa, uzao wa wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Jela iliyojengwa kisiwani humo haikupata kufunga wahalifu. Kisiwa kikawa cha kuwatenga wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi.

Je, wajua kuwa taarab iliingia mjini kupitia ikulu? Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza muziki. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905 na kingali hai. Mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, akaitoa taarab kwa mabwana na kuipeleka kwa watu wote. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri.

Je, wajua kuwa ukumbini anayetazamwa si mwimbaji peke yake? Beti likimgusa mtu, huinuka taratibu, noti mkononi, akaliendea jukwaa kwa mwendo wa kucheza na kumtunza mwimbaji. Waliobaki vitini huhesabu nani ameinuka kwenye beti lipi, na nani limemkaa rohoni akashindwa kuinuka. Ugomvi wa mtaa mzima huweza kusemwa hivyo bila mtu kutajwa jina.

Je, wajua kuwa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, lina sehemu ya bure? Jukwaa kubwa liko Ngome Kongwe, lakini shamrashamra hufunguliwa kwa maandamano ya ngoma na beni mabarabarani. Asiye na tiketi hutoka tu mlangoni kwake akajiunga.

Je, wajua kuwa kila Julai watu wa mjini hufunga safari hadi Makunduchi kutazama watu wakitandikana? Ni sherehe ya Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba kumaliza kinyongo cha mwaka, wanawake huimba, na kibanda cha makuti hutiwa moto. Kisha kila nyumba hutafuta mgeni wa kula naye, kwa hiyo usije umeshiba.

Je, wajua kuwa mchezaji wa bao huanza na kete nyingi mkononi kuliko ubaoni? Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja hupanga kete 10, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na kubaki na 22 za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Ukikuta watu wamezunguka bao, karibu ukae, agiza kahawa na utazame. Ila shimo la kuanzia usimwoneshe mtu: washauri wako kumi tayari, na wote wanapingana.