Wageni kwa Wageni

Jumatatu ya kwanza ya Septemba Wamarekani huadhimisha sikukuu yao ya wafanyakazi, na kwa desturi siku hiyo ndiyo hufunga pazia la kiangazi. Shule zimefunguliwa, wazazi wamerudi kazini, na hifadhi za taifa zilizokuwa zimefurika watoto zinapata nafasi ya kupumua. Hapo kundi jingine huingia barabarani, wengi wao wastaafu. Wako wanaoendesha magari yenye kitanda, jiko na choo ndani yake, na wako wanaovuta karavani nyuma ya pikapu. Yote hayo tuyaite magari-nyumba. Wanafuata majani. Siku zikifupika na baridi ikianza, mti huacha kutengeneza rangi ya kijani, manjano iliyokuwa imefichwa hujitokeza, na katika miti mingine wekundu huundwa upya kabla jani halijaanguka. Kwetu miezi hiyo ni ya kusubiri mvua za vuli. Kwao ni mapukutiko. Lakini jioni, majani yakiwa hayaonekani tena, watu ambao mjini hawamjui hata jirani wa ukuta mmoja huketi kuota moto na mtu waliyemwona mchana huohuo. Jambo hilo linahitaji kuelezwa.

Jibu la haraka ni kwamba wanapenda kitu kimoja na wana muda wa kutosha. Hamu ya kukutana ni ya zamani kweli. Mwaka 1919, mjini Tampa, Florida, wasafiri wa magari waliunda chama kilichoitwa Tin Can Tourists, yaani watalii wa mikebe, na walitambuana kwa mkebe uliofungwa kwenye kifuniko cha rejeta. Mwaka 1955 wenye makaravani ya Airstream, yale ya alumini inayong'aa, walianzisha chama kilichopewa jina la mtengenezaji wake, Wally Byam; miaka michache baadaye, 1959 hadi 1960, msafara wao ulilikata bara letu kutoka Cape Town hadi Cairo. Mwaka 1978 Joe na Kay Peterson wakaanzisha Escapees, chama cha watu ambao makazi yao ni barabara. Vyama hivyo, hata hivyo, hukutanisha waliokwisha kuchaguana. Wana kadi, wana ratiba, na wengine hata gari lao ni la aina moja. Kambi ya hifadhi haina kadi ya uanachama. Hoja yangu ni kwamba kinachowakutanisha pale ni upungufu kuliko mapenzi ya safari: mahali penyewe pamewanyima njia ya kujitosheleza, na mapukutiko huuzidisha upungufu huo. Zaidi ya hapo, pale hakuna mwenyeji. Wote ni wageni, kwa hiyo kila mmoja hulazimika kuwa mwenyeji wa mwenzake.

Tuanze na ardhi. Magari yalipoanza kuingia kambini yaliegeshwa popote, hata juu ya mizizi. E. P. Meinecke, mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyezichunguza hifadhi za California, aliona kwamba magurudumu na nyayo zilikuwa zikishindilia udongo hadi miti mikubwa ikadhoofika. Mwaka 1932 akatoa sera ya kambi: barabara ya mzunguko inayopitwa upande mmoja, na pembeni yake nafasi za kuegesha, kila moja na meza yake na mahali pa moto, huku mawe na magogo yakilizuia gari lisivuke mpaka. Vijana wa Civilian Conservation Corps, mradi wa ajira wa enzi ya Rais Franklin Roosevelt uliodumu kuanzia 1933 hadi 1942, wakajenga kambi nyingi kwa mtindo huo. Meinecke alikuwa akiokoa miti, hakuwa akiwatafutia watu marafiki. Lakini alichora kijiji. Anayekwenda kuchota maji hupita mbele ya meza za wenzake, na meza hizo ziko nje ya gari, machoni pa wapitao. Msomaji wa Pwani anaijua tofauti ya nyumba yenye baraza na nyumba yenye geti. Kila nafasi ya Meinecke ina baraza.

Baraza peke yake haliwafanyi watu wazungumze. Panatakiwa sababu, na hapo ndipo upungufu unapofanya kazi. Great Smoky Mountains, hifadhi iliyoko mpakani mwa Tennessee na North Carolina, hupata ziara zaidi ya milioni 12 kwa mwaka, na kati ya hifadhi 63 za taifa nchini humo hakuna inayoifikia. Hata hivyo kambi zake mashuhuri za Elkmont na Cades Cove hazina umeme wala bomba la maji la kuunganisha kwenye kila gari, na hazina mabafu ya kuogea. Jenereta zina saa zake, na usiku huzimwa. Kuni za kuingiza kutoka nje haziruhusiwi isipokuwa zile zilizokaushwa kwa joto na kuthibitishwa, kwa hofu ya wadudu waharibifu wa miti. Chakula hakiachwi mezani, maana dubu wako mbioni kujinenepesha kabla ya baridi kali. Kila katazo kati ya haya ni mlango wa mazungumzo. Betri ikiisha nguvu, mtu hutafuta mwenye nyaya. Kuni zikimwishia, huuliza zinauzwa wapi, na mara nyingi hurudi na za kuazima. Katika kambi ya kibiashara yenye umeme, maji, mfereji wa majitaka na televisheni, mtu anaweza kukaa wiki nzima asihitaji hata kiberiti cha mwenzake, na wengi ndivyo wakaavyo.

Mapukutiko hukaza kamba ya upungufu huo. Giza huingia mapema, baridi huuma, na moto ambao Julai ulikuwa pambo sasa ni hitaji. Watu hupungua pia. Yellowstone, hifadhi ya taifa ya kwanza duniani, iliyoanzishwa 1872, mwezi Julai hupata ziara zinazokaribia milioni moja. Oktoba hubaki takriban robo yake. Mtu atanikosoa kwamba Great Smoky Mountains hufurika Oktoba kwa ajili ya majani yaleyale. Ni kweli, lakini wengi wa wale ni wa kutwa: jua likizama wameondoka, na waliobaki ni wenye kulala. Tena msimu huu una tamasha lake. Katika Rocky Mountain, Colorado, Septemba na Oktoba ni wakati wa madume ya elk, kulungu wakubwa wa huko, kupiga mbiu ya kutafuta majike. Jioni watu hujipanga kando ya mbuga kusikiliza. Bonde la Cataloochee, ndani ya Great Smoky Mountains, lilirejeshewa wanyama hao mwaka 2001 baada ya kuwa wametoweka. Waliosimama pamoja kimya kwa saa nzima, wakimsikiliza mnyama mmoja, hawahitaji kutambulishana kwa kirefu wakirudi kambini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hifadhi za Marekani zimeifuata kanuni hiyo bila kuijua. Kwa upande mmoja zinaweka ukomo wa kukaa, mara nyingi siku 14, ili kambi isigeuke mtaa wa watu wachache. Kwa upande mwingine anayetaka kukaa zaidi anaweza kupewa jembe: chini ya mpango wa kujitolea ulioruhusiwa kisheria mwaka 1970, wenye magari-nyumba huomba kuwa wenyeji wa kambi. Huelekeza wanaoingia, husafisha sehemu za moto, huwakumbusha watu sheria za dubu, na ujira wao ni nafasi ya kuegesha bila malipo. Kwa hiyo hata anayeitwa mwenyeji alikuja na magurudumu, naye ana tarehe ya kuondoka. Hakuna wa kusema hapa ni kwetu, na usawa huo hulegeza ulimi wa mgeni kuliko ukarimu wowote wa hotelini.

Wapo watakaosema urafiki wa siku mbili ni kivuli cha urafiki, na kwamba mpweke hatibiwi kwa gumzo la motoni. Tahadhari hiyo ina uzito, hasa kwa kuwa mwaka 2023 Vivek Murthy, aliyekuwa mganga mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa waraka wa kuonya kwamba upweke umekuwa janga la afya ya umma. Lakini mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba watu waliopata kazi kupitia mtu mara nyingi waliisikia habari yake kwa mtu wanayefahamiana naye juujuu, kwa sababu rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua. Barabarani jambo hilo linaonekana wazi. Anayeelekea hifadhi ya Shenandoah anahitaji kuambiwa na aliyetoka huko kwamba handaki la Marys Rock lina kimo cha mita 3.86 tu. Anayeelekea hifadhi ya Glacier anahitaji kujua kwamba gari linalozidi urefu wa mita 6.4 haliruhusiwi kuvuka sehemu ya milimani ya barabara ya Going-to-the-Sun. Udugu ni kitu kingine. Ujirani una kazi yake, na kazi hiyo hutimia hata ukidumu siku mbili.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kijiji hiki ni cha nani? Gari-nyumba jipya hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na mengine hayaendi zaidi ya kilomita tatu au nne kwa lita ya mafuta. Historia nayo inauma. Huko Shenandoah, Virginia, kambi ya Lewis Mountain ilifunguliwa 1939 kwa ajili ya Wamarekani weusi peke yao, na ubaguzi huo katika hifadhi hiyo ulimalizika kabisa 1950. Ramani ya Meinecke huwafanya majirani wale tu walioruhusiwa kupita getini. Sibishani na hilo. Naliona kuwa sababu ya kulipanua geti. Pasi ya maisha ya kuingia hifadhini kwa raia na wakazi wa kudumu waliofikisha miaka 62 imekuwa ikiuzwa dola 80, na huwapunguzia ada ya kambi nyingi kwa nusu. Ndiyo maana mwenye basi la kifahari anaweza kuegesha karibu na mtu anayelala ndani ya gari dogo kwa sababu kodi ya nyumba ilimshinda, watu wa namna ile ambao Jessica Bruder aliwaandika katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017. Mahali pengine ambapo hao wawili wangeazimana shoka ni pachache.

Kwa sababu hiyo mapendekezo ya kuzistarehesha kambi hizi yapimwe kwa makini. Mwaka 2019 kamati ya ushauri ya wizara inayosimamia hifadhi ilipendekeza kambi ziwekewe intaneti, magari ya kuuza chakula, hata huduma ya kuletewa bidhaa zilizoagizwa mtandaoni. Mwenye ulemavu au anayetegemea mashine ya kupumulia usiku ana haki ya umeme, na nafasi zake zitengwe. Lakini kambi nzima ikipata kila kitu, itakuwa imepoteza sababu ya mtu kugonga mlango wa mwenzake.

Novemba ikianza, barabara nyingi za Yellowstone hufungiwa magari ya kawaida, na wengi wa wasafiri hawa huelekea kusini, Arizona na Florida, kukimbia baridi. Kijiji huvunjika bila kikao. Zinabaki meza, sehemu za moto, na pengine magogo mawili matatu ambayo aliyeondoka hakuyamaliza. Atakayeyakuta hatajua amshukuru nani, basi atamkaribisha motoni yeyote atakayeegesha jirani yake.