Barafu ya Mbali, Chumvi Kisimani

Katika eneo la Dacope, pwani ya Bangladesh, watafiti waliona kwamba shinikizo la juu la damu kwa wajawazito huongezeka wakati wa kiangazi, maji ya kunywa yanapozidi chumvi. Chanzo si kimoja: kuna mabwawa ya kamba, mito iliyopungukiwa na maji, na dhoruba. Lakini bahari nayo inapanda, na sehemu kubwa ya maji yanayoongezeka hutoka kwenye barafu ambayo mama huyo hataiona kamwe.

Barafu ya Greenland ingeyeyuka yote, bahari ingepanda takriban mita 7. Ya Antaktika, takriban mita 58. Hupimwa kwa setilaiti. GRACE, zilizokuwa mbili zikifuatana, ziliipima uzito kwa kutambua mabadiliko ya mvutano wa dunia kuanzia 2002 hadi 2017. CryoSat-2 hupima kimo kwa rada, ICESat-2 kwa leza.

Fedha hazitoshi kwa kila kipimo, hivyo lipi litangulie? Mtu wa Moshi angetaja Kilimanjaro, na ana haki ya kusikitika: kati ya 1912 na 2007 mlima huo ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Hata hivyo, barafu hiyo ni ndogo mno kuiongezea bahari kitu cha kuhesabika. Kwa visima vya pwani, cha kwanza ni kingo za Antaktika na Greenland, kama Thwaites, ambako barafu huteremka baharini.

Linalostahili kupewa uzito zaidi ni mwendelezo. Kila mhudumu wa kliniki anajua adha ya kadi yenye miezi mitupu, au ya mgonjwa aliyebadilishiwa mizani bila mizani hizo mbili kulinganishwa. ICESat ya kwanza ilikoma kupima mwaka 2009. Mrithi wake alirushwa 2018. Katikati, ndege za NASA zilipita juu ya sehemu tu ya barafu hiyo.

CryoSat-2 ilirushwa Aprili 2010 kwa kazi ya miaka mitatu na nusu, na zaidi ya muongo mmoja baadaye ilikuwa ingali kazini. Njia yake hufika latitudo ya 88, ilhali setilaiti za rada za Ulaya zilizoitangulia ziliishia karibu na 81.5. Mrithi wake, CRISTAL, amekwisha kupangwa. Wanasayansi wanataka arushwe kabla ya CryoSat-2 kuzimika, ili zote mbili zipime barafu ileile kwa wakati mmoja.