Nani Anakagua Mjengo Wenu?



Vikundi vingi hapa Kanduyi vinajenga: duka la kukodisha, darasa la chekechea, ukumbi wa mikutano. Pesa tunachanga pole pole, halafu zote zinapewa fundi mmoja. Yeye ndiye ananunua simiti, yeye ndiye anajenga, na yeye tena ndiye anatuambia kazi ni nzuri. Je, nani mwingine ameangalia?

Hili si jambo la kuchezea. Tarehe 29 Aprili 2016 jumba la orofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakafa. Septemba 2019 madarasa ya shule moja ya Dagoretti yalianguka, yakaua watoto 8.

Kukagua mjengo ni kazi inayosomewa katika vyuo vya ufundi. Mwanafunzi anajifunza kusoma ramani, kupima kiwanja, kuhesabu vifaa na gharama, kusimamia mafundi na kuandika habari za kazi kila siku. Mkaguzi anafika kabla kosa halijafunikwa. Anatazama msingi kabla ya kujazwa, na vyuma kabla ya zege kumwagwa. Baadaye hakuna anayeweza kuona.

Mengine hata sisi tunaweza kuangalia:

1. Mchanga: tia kwenye chupa pamoja na maji, tikisa, acha utulie. Matope yakikaa mengi juu, mchanga huo ni mchafu.
2. Zege la kawaida: kipimo 1 cha simiti, 2 vya mchanga, 4 vya kokoto. Hesabu mifuko inayofika na inayotumika.
3. Baada ya kumwaga zege, limwagiliwe maji siku 7 au zaidi. Likikauka haraka linakuwa dhaifu.

Nani anaweza kusoma? Kwa kawaida diploma inataka C- katika KCSE, na cheti cha ufundi D. Aliyepata chini ya hapo anaanzia ngazi ya chini ya ufundi, halafu anapanda. Karibu nasi kuna chuo cha Sang'alo, na kule Kitale kuna chuo kilichofanywa politekniki ya kitaifa mwaka 2016. Ulizeni ofisini kuhusu kozi, karo na mkopo wa HELB. Wasichana pia waende, kwani kazi hii inataka macho na hesabu kuliko mabega.

Na fundi wetu aliyejifunza kazini bila cheti? Asidharauliwe. Anaweza kufanya mtihani wa NITA, daraja la 3, la 2, hadi la 1. Halafu Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inaweza kumtambua rasmi.

Tunashauri hivi: ramani ipitishwe na ofisi ya kaunti kabla ya kuchimba msingi. Anayenunua vifaa asiwe yule anayejenga. Fundi alipwe kwa hatua, kila hatua ikishakaguliwa. Gharama ya mkaguzi ni ndogo kuliko ya kujenga mara mbili, na uhai wa mtoto haununuliwi.

Maswali ya kujadili kikundini:
- Mjengo wetu wa mwisho ulikaguliwa na nani?
- Ni kijana gani kati yetu tunaweza kumsaidia asomee kazi hii?

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mungu awabariki.