Wangojao Kusini mwa Nyanza

Aghalabu muumini ambaye dua yake haikujibiwa huambiwa avute subira, na amwambiaye huwa ni mtu aliyeshiba. Nasaha hiyo si mbaya, ila huja upesi mno, kabla mwenye msiba hajapata wasaa wa kueleza alitumaini nini na tumaini lenyewe lilimponyoka vipi. Afadhali tuwatazame watu wa Homa Bay na Migori, ambao katika dini yao kungoja si ajali iliyowapata njiani, bali ndiyo njia waliyoanza nayo.

Mwaka 1906 Arthur Carscallen, Mkanada, na Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, walifungua misheni ya Waadventista Wasabato huko Gendia, kilimani karibu na Kendu Bay, katika Homa Bay ya leo. Waliwahubiria Wajaluo kwamba Kristo yu karibu kurudi, ilhali kanisa lililowatuma lilizaliwa na miadi iliyopita bure: huko Marekani mkulima mmoja, William Miller, alikuwa amepiga hesabu katika kitabu cha Danieli, na maelfu wakamngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, wengine wakiacha mazao yao yaoze shambani, hata usiku ukapita na jua likachomoza kama ilivyo ada yake. Wengi walitawanyika kwa fedheha na dhihaka za jirani. Wachache walirejea kwenye Maandiko, wakashikilia kwamba tarehe ilikuwa sahihi ila tukio ndilo lililofahamika vibaya, na mwaka 1863 wakaunda kanisa ambalo halikupanga tena siku ya kurudi kwa Bwana. Tafsiri yao ina wapinzani, wala si kazi yangu kuitetea. Nawastaajabia tu kwa kuwa hawakujifanya kwamba usiku ule haukuwapo.

Tena watu hawa waliosema dunia i karibu kwisha walijenga kana kwamba watakaa dahari. Carscallen alijifunza Kijaluo akakiandikia sarufi. Mwaka 1913 mtambo wa kupiga chapa ukasimamishwa Gendia, nao ndio asili ya jumba la vitabu la Africa Herald. Hospitali ikajengwa Kendu, na kule Kamagambo, karibu na Rongo katika Migori ya leo, shule ikasomesha walimu kizazi baada ya kizazi. Mtu wa nje ataona hapo hitilafu. Na aende basi siku ya Ijumaa alasiri katika nyumba ya Msabato pwani ya ziwa: maji yamekwisha tekwa, nguo zimepigwa pasi, sufuria ya kesho imeshaepuliwa kabla jua halijatua, na mvuvi wa nyumba hiyo, akiwa amenasa kambare mnono ambaye jirani zake wangemla kwa furaha, amekwisha muuza au kumgawa, kwa kuwa samaki asiye na magamba haingii chunguni mwake. Ndivyo wanavyongoja, juma kwa juma, kwa kazi za jikoni na za mtumbwini.

Wala si wao peke yao. Migori, kwenye kilima cha Got Kwer, wafuasi wa kanisa la Legio Maria huzuru kaburi la Simeo Ondetto, wanayemwita Masiya, aliyefariki mwaka 1991. Nao pia iliwabidi kuendelea na ibada baada ya mazishi ambayo kwa hesabu ya kawaida yangewavunja.

Lakini matumaini yaliyovunjika vibaya zaidi katika kaunti hizi hayakuhusu mwisho wa dunia. Yalihusu mume kitandani. Miaka ya 1990 ukimwi ulipozikumba Homa Bay na Migori, ambazo hata leo ni miongoni mwa kaunti zilizoathirika mno nchini Kenya, watu walifunga, wakakesha, wakawekewa mikono, na wakazikwa. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka. Mjane wa mwaka 1999, amwonapo jirani aliyeugua miaka mitatu baadaye yu hai na analea wajukuu, ana haki ya kumwuliza Mungu kwa nini saa ya mumewe haikungoja. Na wahubiri wanaomjibu kwamba imani ya marehemu ilipungua, au, baya zaidi, wanaowaambia wagonjwa watupe vidonge ili wathibitishe imani yao, wamewadhulumu wenye msiba mara mbili. Ayubu aliuliza, Habakuki aliuliza, wala hawakufukuzwa mbele za Mungu kwa kuuliza.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 11, alipowahesabu mashujaa wa imani hakuficha kwamba walikufa bila kuyapokea waliyoahidiwa; mjane huyo akiisoma sura hiyo hahitaji mtu wa kumfasiria.