Amoksili Haifiki Huko

"Daktari, si uniandikie tu amoksili? Mwezi uliopita nilimeza, jino likatulia." Ombi hili naletewa na mwalimu, na dereva wa matatu ya Karatina, na mama wa duka la mitumba, hata na wauguzi, ambao kwa kweli hawana kisingizio. Picha ya eksirei iko mbele yetu, kivuli cheusi kimekaa kwenye ncha ya mzizi, na bado tunabishana kuhusu vidonge.

Jino lilitulia, sikatai. Swali ni kwa nini. Ndani ya jino kuna kiini, kinyama laini chenye mishipa ya damu na neva. Kikivimba hakina pa kutanukia, maana kuta zake ni ngumu. Shinikizo linapanda, damu inakosa njia, kiini kinakufa, na neva iliyokufa haiumi. Huko ndiko kutulia mnakokushangilia. Mara nyingi, usingemeza chochote, lingetulia vilevile siku hizohizo, na sifa zingeenda kwa karafuu badala ya kemisti.

Dawa ya kumeza husafirishwa na damu, na jino lililokufa haliingizi damu. Mti wa kahawa uliokauka pale Tetu, hata uumwagie gunia zima la mbolea, haunywi. Bakteria wamejificha ndani ya mfereji wa mzizi, wanakula mabaki ya kiini kilichooza, na amoksili yako inapita nje bila kuwagusa. Inaweza kupunguza maambukizi yaliyokwisha kutoka nje ya mzizi, ndiyo maana shavu hunywea na mgonjwa hudhani amepona. Chanzo kipo palepale. Baada ya wiki chache, au mwaka, unaota kipele kwenye ufizi kinachotoa majimaji mabaya. Hakiumi, kwa sababu usaha umepata mlango. Mtu anakaa nacho miaka, akikiita chunusi, huku mfupa wa taya unaliwa polepole.

Huu si ukaidi wangu binafsi. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo: mtu mzima mwenye kinga nzuri, jino likimuuma, kwa kawaida asipewe antibiotiki ikiwa tiba ya jino lenyewe inapatikana. Kenya nayo ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa tangu 2017, na dawa hizi ni za kuuzwa kwa cheti cha daktari. Kisha nenda kemisti yoyote ya stendi useme, "Nipe za shilingi hamsini." Utameza tatu, maumivu yakipungua zinazobaki zitawekwa kabatini kumsubiri mtoto mwenye kikohozi. Siku mtoto huyo atakapopata nimonia ya kweli, tutatafuta dawa kali zaidi, tena kwa bei kali zaidi.

Karafuu? Mafuta yake hutia ganzi kweli, hata sisi tunatumia eujenoli. Hayasafishi mfereji. Aspirini iliyobanwa kwenye ufizi inauchoma. Maji ya betri tusiyazungumze.

Sasa njia zilizopo, upesi, kwa maana nje foleni imefika mlangoni. Ama ung'oe jino, ama usafishwe mzizi, ile ruti kanali mnayoiogopa. Unadungwa ganzi, jino linatobolewa, kiini kilichooza kinaondolewa kwa visu vyembamba kama sindano, mifereji inaoshwa kwa dawa ya jamii ileile ya klorini inayong'arisha shuka, kisha inajazwa gata-pacha, utomvu wa mti wa Asia. Ziara moja hadi tatu. Jino la mbele ni rahisi; gego la juu laweza kuwa na mifereji minne, kwa hiyo bei hupanda. Gego lililotibiwa livishwe kofia, la sivyo litapasuka kwenye githeri. Jino lililopasuka hadi mzizini ling'olewe. La mwisho, lile la ukubwani, mara nyingi vivyo hivyo. Kung'oa ni nafuu leo, ila majirani wa pengo huinama na jino la upande wa pili hushuka au hupanda kulitafuta. Kabla ya kukaa kwenye kiti, iwe Nyeri, Nanyuki au Kerugoya, hakikisha anayekutibu yuko kwenye rejista ya baraza la madaktari na madaktari wa meno, na udai eksirei.

Antibiotiki ina kazi yake: homa, uvimbe unaosambaa, mgonjwa mwenye kinga dhaifu, na hata hapo lazima usaha ufunguliwe. Ukivimba chini ya taya, ukashindwa kufungua mdomo, kumeza mate au kupumua vizuri, usimsubiri daktari wa meno afungue Jumatatu. Nenda idara ya dharura usiku huohuo.