Arusi ikiisha, musirudi machimbo mbio: Kisangani na Yangambi ni vya kuona

Wakati wa vakansi, arusi zinajaa Kisangani. Ndugu zetu wachimbaji wanatoka Bafwasende, Banalia na Opala pamoja na bibi na watoto. Siku ya Posho wanacheza, siku ya Mungu wanapumzika, kesho yake asubui wako tena barabarani. Watoto wanarudi bila kuona hata Wagenia.

Huko Ulaya, mutu akialikwa kwenye arusi Italia, mara nyingi anaongeza siku kadhaa ili atembeze familia katika jimbo lile. Ni hesabu tu: pesa kubwa ni ya safari, na imekwisha kulipwa. Kwetu hesabu ni ile ile. Kutoka Bafwasende ni kilometa zaidi ya 200. Ukiisha kuzipita na watoto, siku tatu za kuongeza hazina bei sana kuliko kasha za bia za usiku mumoja.

Muanze na Wagenia. Pale wavuvi wanasimamisha miti mikubwa ndani ya mawe, wanaifunga kwa kamba za pori, wanatundika vitunga vyenye mudomo mupana ili maji makali yasukume samaki ndani. Ni mwisho wa maporomoko saba ya Boyoma, yanayoshuka kutoka Ubundu karibu kilometa 100. Juu ya maporomoko hayo, mashua haziwezi kupita, ndiyo maana walijenga reli ya kilometa 125 kutoka ngambo ya Lubunga. Mupatane bei na wenyeji mbele ya kuingia pirogue, hapana kisha.

Ni hapa pia Tippu Tip wa Zanzibar alikuwa gavana kuanzia 1887. Mutoto akiuliza kwa nini tunasema Kiswahili mbali hivi na bahari, jibu moja liko kwenye muto huu. Siku hiyo hiyo, toleka inaweza kuwafikisha barrage ya Tshopo, penye kutoka umeme wa muji.

Mukiwa na siku mbili zaidi, mushuke Yangambi, kilometa karibu 100. Wabelgiji walianzisha INEAC mwaka 1933, na kituo chake kikubwa kilikuwa pale. Leo ni INERA. Kuna hifadhi ya pori inayotambuliwa na UNESCO, na nyumba ya majani makavu ya miti ya Kongo, maelfu kwa maelfu. Ndizi inayoitwa Yangambi Km 5 inajulikana mbali sana na Tshopo. Kwa kijana aliyekulia karibu na shimo, ni vizuri aone kazi ingine ya udongo: michikichi, kahawa, kakao. Diama inaisha. Muti uliopandwa vizuri unazaa tena mwaka kesho.

Sasa mambo ya nyumbani. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenye arusi wamechoka na wamekopa. Mukitaka kubaki, mulete mufuko wa muchele ao mutafute chumba pengine, na mama wa nyumba aambiwe mapema. Mujulishe pia PDG wa shimo idadi ya siku mbele ya kuondoka. Asiposikia kitu, atatia mutu mwingine pa nafasi yako.

Pesa ya kurudi iwekwe pembeni kwa bibi tangu siku ya kwanza. Carte d'électeur isibaki nyumbani, sababu barrière ni nyingi. Musipande baleinière iliyojaa kupita kiasi, wala ya usiku, na kila mutoto avae gilet. Kama njia ya kurudi iko na habari mbaya ya usalama, muulize madereva waliofika jana, musingoje kuambiwa njiani.

Mbele ya kulipa kiingilio cha arusi ijayo, mukae wote mezani, bibi na watoto wakubwa pia, muandike pesa ya safari na siku tatu pamoja. Iliyoandikwa mapema haitakunywewa siku ya Posho.